Nani Aliziachanisha Seli za Maren

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Maren d'Entremont alifungua kabati la joto katika maabara ya ghorofa ya tano, Halifax, akakuta vifundo vyake havipo. Visahani vilikuwa mahali pake, vifuniko juu, lakini ndani mlikuwa na maji ya ukungu tu. Jana yake jioni kila kimoja kilikuwa na kifundo cha ubongo kidogo kama mbegu ya ufuta. Alivikuza kwa wiki saba, nusu kutoka seli za ngozi ya mtoto mwenye kifafa kikali, nusu kutoka za mama yake.

Saa mbili Profesa Ruth Zwicker, mkuu wa maabara, alimwita Lorne Comeau, mkuu wa usalama wa jengo, polisi mstaafu mwenye goti bovu. Alimweleza mambo kwa kifupi. Maren alikuwa akidai kwamba molekuli zinazoshikanisha seli si gundi tu, bali ndizo zinazoziongoza seli changa zipande, kila moja hadi tabaka lake, wakati gamba la ubongo linajengwa. Mtoto yule alizaliwa bila mojawapo. Jumatatu wakaguzi kutoka nje wangekuja kuvikata vifundo wajionee wenyewe.

"Ninavyoona mimi, ameogopa kukaguliwa akaviharibu mwenyewe," alisema profesa. "Saa sita visahani vinamwagiwa klorini, na yeye anarudisha funguo."

"Basi usiniongeleshe sana," Lorne alisema. "Saa nne si nyingi."

Maren alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono mapajani. Hakuwa analia, na Lorne alipenda hivyo. Alimuuliza ni nini huua seli. Joto, sumu, ukungu, alijibiwa. Akamuuliza kama ana hakika zimekufa. Maren alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake, kisha akainuka. Alichukua tone la maji yale, akatia rangi ya buluu, akaliweka chini ya hadubini. Seli iliyokufa hunywa ile rangi. Iliyo hai huikataa. Aliinama pale muda mrefu.

"Ziko hai," alisema. "Zimeachiana tu. Hizi molekuli zinashikana kwa kalsiamu. Ukitia dawa ya kunyonya kalsiamu, mikono yote inalegea, kila seli inaenda zake."

Dawa hiyo ilikuwa kwenye friji, na kila mtu pale aliitumia kazini. Lorne alitaka kujua iliingiaje. Maren alifikiri, akachukua chupa yake ya chakula cha seli, ile ya utepe wa njano, akaipima kwa karatasi. Haikuwa na kalsiamu hata chembe. Alizilisha yeye mwenyewe jana jioni, kwa mkono wake. Kwenye maabara ile kila mtu ana rangi yake ya utepe, na kugusa chupa ya mwenzio ni kama kutumia mswaki wake.

"Nani mwingine anajua kwamba ziko hai?"

"Mimi na wewe."

"Ukiulizwa, zimekufa."

Alianza na Joss Gallant, ambaye tangu Novemba alikuwa akigombania rafu na Maren na ndiye aliyetoka wa mwisho jana. Joss alikiri kwamba aliisogeza trei ya Maren. Msichana ameligeuza kabati lile chumba chake cha kulala, alisema. Lorne alipomwambia kwamba seli zimekufa na zitatupwa saa sita, Joss aliuliza kama baada ya hapo anaweza kuichukua ile rafu. Lorne alimwona mtu wa hovyo, lakini hovyo ya wazi. Akamwacha.

Saa tano kasorobo aliingia ofisini kwa Keith Rankin, mtu wa Cape Breton, mkongwe wa maabara, aliyejijengea jina kwa kuandika kwamba molekuli zile ni gundi na si kingine. Kila Ijumaa Keith alileta biskuti za shayiri alizooka mkewe. Lorne alichukua mbili. Walizungumza juu ya goti, kisha theluji. Mwishowe Lorne alisema kwamba ni huzuni, seli zimekufa zote, na saa sita zinamwagiwa klorini.

Keith aliacha kutafuna. "Saa sita hii? Mwambie Ruth angoje kidogo, rafiki yangu. Klorini ya nini? Binti azirudishie kalsiamu tu, zitashikana."

Lorne aliweka biskuti mezani. "Jengo zima linajua zimekufa, Keith. Kalsiamu umeitoa wapi?"

Keith alitazama mlango. Lorne aliwaita Zwicker na Maren wakaingia. Hapo Keith alisema yote. Alitia dawa kwenye chupa ya njano Alhamisi, wenzake wakiwa wameenda kula.

"Nilipoziona picha zake nilijua nimekosea miaka yote hii," alisema. "Nilitaka niliandike kosa langu mwenyewe kabla sijaumbuliwa mbele za wageni. Ukaguzi ungeahirishwa, na wiki mbili zingenitosha. Kuziua nilishindwa."

"Na mimi hizo wiki mbili ungeniweka wapi?" Maren aliuliza. "Kijijini Pubnico, kwa mama?"

"Sikudhani Ruth angekufukuza."

Profesa Zwicker alimwambia Keith aache kadi yake ya mlango mezani. Kisha alimgeukia Maren akamwomba radhi, mara mbili.

Jumapili mchana Lorne alikuwa akinywa supu ya samaki ya maziwa Maren alipompigia simu kutoka maabara. Akaenda. Maren alimsogezea hadubini. Baada ya kupata kalsiamu, seli za mama zilikuwa zimetafutana na kukusanyika aina kwa aina, changa ndani, komavu nje. Za mtoto zilishikana ovyoovyo, kila aina pamoja na nyingine.

"Vile vya kwanza wakaguzi wangeweza kuvibishia," Maren alisema. "Hivi vimejipanga upya kuanzia sifuri. Hakuna wa kubisha."

"Mtoto atapona?"

"Sijui. Ila mama yake anaamini ni kitu alichokula akiwa na mimba. Miaka sita anajilaumu." Alikuwa ameshashika simu. "Keti, Lorne. Nampigia sasa hivi."