Majani ya Kung'arishia Sinia

Mtama wa Zeyana ulishikwa na kutu. Majani yalijaa vipele vyekundu, na ukiyagusa, vidole vinabaki na unga wa rangi ya tofali. Huo ndio mtama wa kula mwaka mzima. Duka la Tabora mjini yeye na mumewe walishaliacha, wakahamia kijiji cha ujamaa karibu na Goweko.

"Umekufa, siyo?" aliuliza mumewe, Muhanna.

"Haujafa. Usiudhike."

Lakini moyo haukumtulia. Kila asubuhi vipele vilipanda juu zaidi.

Bwana shamba, Damas, alifika kwa baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, watoto watakula?"

Damas alikwenda ukingoni mwa shamba, kwenye tuta la majani machachu, yale ya vipande vitatu ambayo watoto hutafuna. Zeyana aliyaotesha mwenyewe, akayamwagilia kiangazi chote.

"Haya ya nini?"

"Ya kusugulia sinia na madele, birika zetu za kahawa. Shaba haitakati bila haya. Bibi zangu wote waliyatumia."

"Nyie watu wa mjini!" Damas alicheka. Kisha akageuza jani. Chini yake palikuwa na vidoa vya njano. "Tazama. Ni ugonjwa uleule. Unalelewa hapa, halafu upepo unapeperusha vumbi lake hadi kwenye mtama. Huko unaenea mmea kwa mmea."

"Majani haya na mtama, wapi na wapi?"

"Ndivyo ulivyo, una makao mawili. Vunja hili moja, utaupunguza. Hautaisha kabisa, upepo huleta mwingine kutoka mbali. Lakini usiulee mwenyewe."

Zeyana aliokota jembe. "Basi nimewatia wanangu njaa kwa mikono yangu."

"Hukujua, mama. Ng'oa yote, na mizizi yake. Mkivuna, chomeni mabua. Nitawaletea mbegu isiyoshikwa upesi."

"Na sinia zake?" aliuliza Muhanna.

"Ukwaju na majivu," alijibu Zeyana, jembe tayari mkononi.

Msimu uliofuata kutu ilichelewa, ikagusa majani ya chini tu. Walivuna magunia saba.

Mwaka ule wa ugonjwa walikuwa wamevuna mawili tu. Mbuzi wao wanne waliuzwa, wakanunua mahindi. Na Semeni, binti yao wa miaka tisa, alipelekwa Nzega kwa shangazi yake ili nyumbani pasongwe ugali mdogo. Alikaa huko miezi minane, na darasa la tatu likampita.