Jina la Mtoto Kwanza

Kila asubuhi Mama Kavuo alishuka sokoni Butembo kuuza maharage. Alimuuliza kila mteja aliyetoka Beni habari ya binti yake, Solange. Walipotezana huko njiani mwaka 2003, watu walipokuwa wakikimbia risasi.

Eliezer, shemeji wa Mama Kavuo, alimpeleka kwenye nyumba ya intaneti, kwenye ukurasa wa kutafuta waliopotea. Kwetu huwezi kuanza na haja yako kabla ya salamu, na salamu zetu si fupi. Eliezer alisalimia ukoo mzima, akawaombea waliokufa, ndipo akaandika Mama Kavuo anaishi wapi. Akatuma. Wiki zikapita, kimya.

Mama alirudi peke yake. Josée, msichana anayehudumia mashine pale, alimfungulia ujumbe ule. Zilikuwemo salamu tu. Katikati ya jina la shangazi, maneno yalikatika. Butembo haikutajwa. Mama aliuliza mengine yamekwenda wapi.

Josée alimweleza kwamba kisanduku cha kuandikia kina kipimo: herufi mia mbili. Jumbe zote huchapwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye parokia za eneo zima, kwa hiyo kipimo kimewekwa ili kila mtu apate nafasi yake. Awali kisanduku kilipokea yote, kisha kikakata mwisho bila kusema. Sasa wamekirekebisha, kinaonyesha herufi zilizobaki.

"Mama, tuweke kwanza jina ya mutoto, jina yako na fasi unaishi. Salamu, kama fasi inabakia."

"Lakini ni mama gani anaacha kusalimia mutoto wake?"

"Ule anapenda mutoto arudie nyumbani."

Mama akakubali. Josée akaandika hayo, kisha salamu. Kwa kila herufi, namba chini ya kisanduku ilipungua. Ilipofika sufuri, Josée alibonyeza tena, lakini herufi haikuingia. Mama alisogelea kioo, mkono mdomoni.

"Hakina macho," alinong'ona, "na kinajua kimejaa."

Josée akatuma. Haikupita muda, jibu likaja kutoka Mutwanga, chini ya milima: "Mama, niko muzima. Niko kwa Mama Agar, ule alinipokea. Nilisoma jina yangu ku paroisse. Nakuya nyumbani."

Jumamosi pikapu ya Mutwanga ilisimama sokoni. Solange alishuka, amekonda, amerefuka kuliko mama yake. Mama Kavuo alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama sana. Hakuweza kuamini kwamba maneno machache vile yamemtoa mtoto wake kule milimani, yakamleta mpaka hapa.