Utepe Ubavuni mwa Ndege

Haya yalimkuta dada wa rafiki yangu, fundi wa ndege. Alfajiri moja, giza likiwa bado zito, alikuwa akiikagua ndege kwa tochi kabla abiria hawajapanda. Ubavuni akakuta utepe wa gundi umeziba tundu dogo la hewa linalopima kimo cha ndege. Waoshaji huliziba maji yasiingie, na wakisahau kuutoa, rubani hajui tena yuko juu kiasi gani. Akaubandua.

Alipozunguka mara ya pili, tundu lilikuwa limezibwa tena. Akaubandua, akamwita rubani.

"Si umeshautoa, dada? Tia saini twende zetu, tunachelewa."

"Sitii."

"Utafukuzwa kazi wewe."

"Nifukuzwe, nikalale. Ila ndege hii hairuki mpaka nimjue anayebandika."

Rubani akacheka, halafu akageuza kichwa. Upande wa pili wa ndege, utepe ulisikika ukivutwa taratibu, kraaa, kisha ukakatwa.

Fundi hakurudi nyuma. Alipiga goti, akamulika chini ya tumbo la ndege mpaka ng'ambo. Utepe ukavutwa tena, karibu zaidi, na pale chini hapakuwa na miguu ya mtu.