Kilauri Alichokikataa Précieux

Saa nne asubuhi soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, huwa halina adabu. Watu wanasukumana, redio zinapigana kelele, harufu ya samaki wa Kasenga inakufuata mpaka nyumbani. Siku hiyo frigo ya Mapalo, jokofu lake la kuuzia samaki, ilikuwa imekufa, na yeye, kitenge chake cha zambarau kimefungwa harakaharaka, alisimama mbele yake akiitukana kana kwamba ina masikio.

"Mama, matusi haitatengeneza frigo," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mfuko wa vyombo vya kazi begani.

"Na we ni nani?"

"Précieux. Kazi yangu ni kutengeneza bafrigo."

"Précieux!" Mapalo alicheka. "Nani alikupa jina ya namna ile? Bei yako iko ngapi?"

"Juu ya weye, bule."

Bule kitu gani! Lubumbashi hii nani anakupa cha bure? Aliitengeneza, na kesho yake Précieux alirudi kuangalia kama frigo inapumua. Kesho kutwa akarudi tena, na frigo ilikuwa nzima kabisa. Mapenzi yaliingia hivyo, mchana kweupe, kati ya mabeseni ya samaki.

Jioni simu zilikuwa haziishi.

"Chérie, umesha kula?"

"Bado. Nangoja weye uniletee."

"Nikuletee samaki?"

"Samaki? Uniletee samaki, nitakupiga nayo!"

Jumapili moja walikwenda kutembea kwenye hoteli ya Karavia. Précieux aliagiza Fanta. Mapalo akamtazama kwa furaha.

"We haunywake pombe?"

"Hapana."

"Mungu asifiwe! Bwana yangu wa kwanza alikuwa mulevi. Aliuzisha hata kitanda yangu. Précieux, hata nikufe, sitaolewa tena na mulevi."

Hapo ndipo Précieux angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mjinga yule akaendelea kunywa Fanta yake, na mimi simtetei.

Kwa kina Kasonde, kwa baba yake Mapalo, wana desturi yao. Siku mchumba anapoleta kinywaji, binti anaonja, anampa mchumba, naye anamaliza kilauri, glasi nzima, mbele ya baba. Akimaliza, amesema ndiyo. Mapalo alikuwa amesuka nywele upya, gauni la mikono mipana, miguu imepakwa mafuta. Alionja bia, akapiga magoti, akampa kilauri.

Précieux alikipokea. Akakiweka chini.

"Papa, unisamehe. Siwezi."

"Hauwezi nini?" Papa Kasonde aliuliza. "Mutoto yangu iko na sumu?"

"Hapana, Papa."

"Basi, kunywa!"

Précieux alisimama, akatoka nje bila kuaga. Mashangazi walipiga yowe. Mapalo alibaki magotini, aibu imemjaa, na hakuna hata mmoja aliyemwinua.

Majuma yalipita. Simu ya Précieux ikilia, Mapalo aliigeuza kifudifudi. Mwisho aliipokea kwa uchovu tu, akiwa anapanga samaki mezani.

"Unataka nini?"

"Mapalo, usikate. Haiko weye nilikataa. Nilikataa pombe."

"Bongo! Unadanganya! Mutu hawezi kuogopa kilauri moja!"

"Miye naogopa. Nilikunywa lutuku, pombe kali ile, myaka mingi. Miye njo ule mulevi haukutaka."

Mapalo aliweka samaki chini. Précieux akaendelea.

"Mama alinipeleka mu chumba ya maombi. Bakanifungisha njala, mwili inatetemeka, banasema ni pepo. Karibu nikufe. Shangazi akaleta mizizi. Nikatapika, kiisha nikarudia chupa. Ku hôpital njo balinipa dawa, balinichunga mpaka kutetemeka ikaisha. Lakini kichwa ilibakia na kiu. Sasa kila Samedi naenda kwa Mama Christiane, infirmière wa kuuguza bagonjwa. Tunaikala bantu bengi ba kuacha pombe, tunasema mambo iko mu roho. Njo inanisaidia."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulisema hata ukufe."

Mapalo alikaa juu ya kreti, machozi yakimtoka mbele ya wateja.

"Kuko ingine," Précieux alisema. "Siku ile, kutoka kwenu, nilienda kunywa. Nililala mu mufereji. Kesho yake nikarudia kwa Mama Christiane."

"Ile ungenificha, Précieux."

"Nimechoka kuficha."

Mapalo angekata simu, nani angemlaumu? Lakini alimpenda, ndio ukweli, na kumchukia kulikuwa kumemchosha kuliko samaki wote wa Kasenga.

"Samedi saa ngapi?" aliuliza.

Jumamosi ilipofika, ukumbi wa parokia ulikuwa na joto. Siku hiyo familia zilikaribishwa: wake, mama, kaka, wamekaa kwenye mabenchi na nguo zao za kanisani. Précieux alikuwa upande wa pili, amekonda, hathubutu kumtazama. Mama Christiane, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliwauliza wageni mmoja mmoja.

"Na weye, mama, umekuya juu ya nani?"

Précieux aliinamisha kichwa. Mapalo, bado amesimama mlangoni, angesema rafiki. Angesema jirani. Nyumbani baba yake alikuwa amemwambia akimrudia mtu yule asilete tena miguu yake pale.

"Juu ya bwana yangu," alisema. "Ule pale."

Watu wote waligeuka. Précieux alifunika uso kwa mikono yake miwili, akalia kwa sauti.

"Mulisha kuoana?" Christiane aliuliza.

"Bado. Papa amekasirika, bashangazi banasema nitalia. Pengine nitalia." Mapalo alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na niseme kweli, Mama, nimechoka. Nimechoka kabisa."

Christiane alisogea kwenye benchi, akampa nafasi.

"Karibu, mama. Hapa bote tumechoka. Ikala."