Wino Usiopungua

Asubuhi ambayo Bibi hakuamka, kibatari chake kiliendelea kuwaka kwenye kona ya jiko mpaka mafuta yakaisha. Hakuna aliyekumbuka kukitazama. Watu waliingia na kutoka, viatu vikajaa mlangoni, majirani wakachemsha chai kwenye sufuria la kuazima, na kibatari kikazimika chenyewe chini ya bakuli la udongo lililoinamishwa juu yake kukinga moshi. Jioni, mjukuu wake alitumwa jikoni kuleta vikombe. Akalinyanyua lile bakuli. Ndani yalikuwa yameganda masizi laini kama manyoya ya kifaranga, yakingoja kukwanguliwa. Akalirudisha bakuli kama lilivyokuwa, akapeleka vikombe.

Mjukuu huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani walimwita Masizi. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu anatambaa hakuweza kupita karibu na lile bakuli bila kutoka na pua nyeusi.

"Haya, mke mwenzangu kashapaka wanja," Bibi alikuwa akisema. "Ila macho yake kayaweka puani."

Na Babu alikuwa akicheka mpaka kalamu inamponyoka.

Babu alikuwa mwandishi wa hati. Aliandika kwa kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe: majina kwenye vyeti vya shule, kadi za harusi, na maneno ya kutundika ukutani kwa watu waliofungua maduka mapya. Bibi alimtengenezea wino. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu ujana wao. Babu hakuwahi kusaga, na Bibi hakuwahi kuandika.

Masizi naye hakuwahi kumtazama Bibi akisaga. Kila alasiri alikuwa akifanya kazi za shule kwenye meza iliyoegemea ukuta wa mbao, na Bibi alikuwa upande wa pili wa ukuta huo, jikoni, na kinu chake kidogo cha jiwe. Masizi alizisikia sauti zake jinsi mtu anavyosikia mvua: zipo, lakini humuulizi mtu habari zake.

Wageni walipoondoka, nyumba ilibaki na uchovu ambao usingizi haukuuondoa. Mama alirudi kwenye karakana anakoshona sare, akawa anarejea jioni miguu imevimba, anavua viatu mlangoni na kukaa palepale kwanza. Babu hakuzungumza sana. Alipokuwa hana kazi alilala ameelekea ukutani, hata mchana. Wino uliobaki ulikuwa chupa moja tu, nayo ilikuwa imepungua kidogo chini ya shingo.

Siku moja alipomaliza kadi ya mtu, Babu aliikaza chupa kizibo kwa nguvu kama anayefunga mlango wa kuzuia mwizi.

"Hii ikiisha, na kazi imeisha," alisema.

"Baba, usiseme hivyo," Mama alimjibu. "Wino unauzwa madukani."

"Yale ni maji ya rangi. Jua la miezi miwili tu, jina la mtu limefutika. Siwezi kumwandikia mtu jina lake kwa kitu cha namna hiyo." Akaiinua chupa na kuitazama. "Ikiisha, imeisha."

Masizi alikuwa anaosha vyombo. Alimwona Babu anavyoitazama ile chupa, na akaogopa. Kitakachoisha, aliona, hakitakuwa wino peke yake.

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni, nyumba ilikuwa kimya. Alinyanyua bakuli lililokuwa kwenye kona tangu siku ile, akayakwangua masizi kwa unyoya wa kuku kama alivyowahi kumwona Bibi akifanya, akayatia kwenye kikombe. Akamimina maji. Masizi yakapanda juu yote, makavu, yakaelea kama yasiyotaka kuguswa. Akakoroga kwa kijiti cha ufagio. Yakazunguka tu. Akatafuta kopo la gundi ya mgunga, yale mabonge ya rangi ya asali ambayo Bibi alikuwa akiyaloweka, akaponda bonge moja kwa mgongo wa kijiko na kulitumbukiza. Akakoroga tena mpaka mkono ukauma.

Bado kulikuwa na maji ya kuteka, mboga za kukata, na hesabu za shule. Alichungulia kikombeni. Maji yalikuwa meusi.

"Weusi ni weusi," alijisemea. Akaikunja karatasi kama mdomo wa birika, akaijaza chupa ya Bibi mpaka pale ilipokuwa kabla ya ile kadi.

Siku ya pili Babu aliipeleka chupa dirishani.

"Mama'ngu, hebu njoo," alimwita. "Nimeandika kadi nzima, na wino uko palepale. Au macho yangu?"

Masizi alisogea dirishani. "Labda umetumia kidogo, Babu."

"Labda." Akaitikisa chupa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, pembe za mdomo wake zikapanda. "Au mkono wa bibi yako una baraka."

Jioni ile alimaliza chakula chake chote, akaomba kuongezewa. Mama alimtazama Masizi kwa mshangao. Masizi akaitazama sahani yake.

Baada ya hapo hakuweza kuacha. Babu akiandika, Masizi anajazia. Masizi ya kwenye bakuli yalipokwisha, akawa anakwangua hata yale ya nje ya sufuria. Wino haukupungua, na Babu aliacha kulala mchana.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule yao alipokuja, mwanamke mrefu aliyebeba bahasha kubwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona mwaka umeisha."

"Umeisha. Vyeti vya wanaomaliza hivi hapa. Wenzangu wanasema tupige chapa tu majina, mambo yaende haraka. Nimewaambia mzee yupo. Usiniangushe."

"Mimi sijawahi kumwangusha mtu," Babu alisema. "Labda nidondoke mwenyewe."

Alisafisha meza, akachonga kalamu mpya, akafungua chupa. Harufu ikatoka: harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahaulika. Babu alikunja uso lakini akachovya. Herufi ya kwanza ilitoka na madonge. Ya pili ilitoka kijivu, maji yakasambaa pembeni kama mizizi. Akaweka cheti kando, akachukua kingine, akaandika polepole zaidi, kwa kukaza mkono. Donge jeusi likadondoka katikati ya jina la mtoto wa watu.

Babu aliweka kalamu chini. Hakuitazama chupa. Alitazama mikono yake, viganja kwanza, kisha akaigeuza.

"Basi," alisema. "Kesho mrudishie mwalimu wako. Mwambie mzee ameomba radhi, mikono imechoka."

Masizi alivikusanya vyeti, akavirudisha kwenye bahasha. Babu alikwenda kulala jua likiwa bado linawaka.

Asubuhi Masizi alishika njia ya shule na bahasha chini ya kwapa. Rafiki yake, ambaye darasa zima lilimwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi hata akila, alimdaka njiani.

"Mbona umenuna kama umemeza ndimu? Hiyo bahasha ya nini? Nipe nikusaidie kubeba. Basi, usinipe. Ya nini?"

Masizi akamweleza yote. Hata Chiriku alinyamaza, kwa hatua kama tatu.

"Lakini sasa bahati yako," Chiriku akasema. "Babu yako anadhani ni uzee. Wewe nyamaza tu. Wazee ndivyo walivyo, mikono yao inachoka. Nani atakuuliza?"

Masizi akasimama. Aliiona mikono ya Babu ikigeuzwa juu ya meza. Mikono ile haikuwa na kosa lolote.

"Mwambie mwalimu nitachelewa. Nina sababu."

"Sababu gani?"

"Nitakuja nayo."

Akarudi nyumbani mbio.

Alimkuta Babu ameketi kitandani, hajafunga vifungo vya shati. Masizi alibaki amesimama mlangoni.

"Babu, mikono yako haijachoka. Ni wino. Nilikuwa najazia chupa ya Bibi. Kila siku. Nilikoroga masizi na maji tu, sikusaga. Nimeuharibu wote."

Babu alishika shati lake. Alifunga kifungo kimoja, kikaingia tundu lisilo lake, akakifungua.

"Kwa nini?"

"Ulisema ukiisha, kazi imeisha. Sikutaka uishe."

"Kwa hiyo mikono yangu ni mizima?"

"Ndiyo, Babu."

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Basi nimepona," alisema, "na nimefiwa tena. Yote siku moja." Kisha akatikisa kichwa. "Siku zote hizo unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nasema baraka!"

Masizi alianza kulia. Babu hakumzuia. Alipomaliza, alimwambia akanawe uso, kisha akampeleka mwenyewe shuleni. Huko alimweleza mwalimu mkuu kwamba vyeti viwili vimeharibika, akaomba vingine viwili na nafasi mpaka juma lijalo. Mwalimu mkuu alimtazama Masizi.

"Na wewe, hii ndiyo sababu yako ya kuchelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kaingie darasani. Mzee, juma lijalo. Zaidi ya hapo nitapiga chapa."

Jioni, Babu alileta kinu mezani, na hapo wote watatu wakagundua jambo la kusikitisha. Babu alijua wino ukishaiva unavyotiririka kwenye kalamu, lakini namna ya kuupika hakuijua.

"Miaka yote," alisema, "kazi yangu ilikuwa kuuliza, 'Mama watoto, tayari?'"

"Mimi alinifundisha kuloweka gundi na kuchuja," Mama alisema. "Ya kusaga niliyakimbia. Nilisema yanachosha. Sasa nashona sare mia, kana kwamba huko hakuchoshi."

Waliwasha kibatari chini ya bakuli, wakakiacha kiwake. Mama akaloweka gundi na kuichuja kwenye kitambaa, ikawa nzito kama uji. Jumamosi asubuhi Masizi alikwangua masizi mapya, akayatia kwenye kinu. Mkono wake ulipofika kwenye kikombe cha maji, akasita. Maji ndiyo yaliyoyafanya masizi yaelee. Akachukua gundi badala yake, kidogo tu, akaanza kusaga.

Mchi ukakwaruza, kama kuku anayechakura. Masizi akainua kichwa. Aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia kila alasiri, upande wa pili wa ukuta, akiwa na hesabu zake.

"Baada ya hii kuna nyingine," alisema. "Inanata. Inalia pwa, pwa."

Akasaga. Mkono ukaanza kufa ganzi. Uji mweusi ukakaza, na mchi ukawa unabanduka kwa shida: pwa, pwa.

"Umeiva?" Babu akauliza.

"Bado. Bado unapiga kelele."

Mama alipokea mchi. Alikuwa ameshinda juma zima kwenye cherehani na mabega yalimuuma, lakini hakulalamika. Kisha Babu, ambaye hakuwahi kusaga maishani, akasaga vibaya, akajipaka mpaka kwenye nyusi.

"Wanja, Babu," Masizi alisema.

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kikaisha haraka. Masizi akapokea tena. Walikuwa wanaongeza gundi tone kwa tone. Jua lilihama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Alitamani kusema umeiva ili apumzike. Hakuna ambaye angejua. Lakini mchi ulikuwa bado unanong'ona chini ya mkono wake, naye akaendelea.

Kisha mchi ukanyamaza. Ulikuwa ukiteleza bila sauti, na humo ndani ikasikika pumzi peke yake, ikipanda na kushuka. Masizi akakumbuka. Kila alasiri, mwishoni kabisa, alikuwa haisikii tena kinu kupitia ukutani. Alikuwa anasikia Bibi anavyohema.

"Sasa," alisema.

Mama akaongeza maji kidogo kidogo. Akanusa kinu, akaenda kabatini, akarudi na chembe tatu za karafuu. "Ndiyo harufu yake," alisema. "Nadhani ndizo zilizouzuia usioze." Akazitumbukiza.

Babu alichovya kalamu, akaandika herufi moja kwenye karatasi chakavu. Walisubiri ikauke. Kisha akalowesha kidole gumba na kuisugua. Herufi haikutoka.

"Wa bibi yako ulikuwa mweusi zaidi," alisema.

"Najua, Babu."

"Lakini huu haudanganyi." Akaiweka kalamu chini, akamgeukia mjukuu wake. "Sikiliza, mama'ngu. Ulinionea huruma, na huruma si kosa. Kosa ni kunificha. Uongo wako ulinifurahisha siku chache, halafu ukanifanya niichukie mikono yangu mwenyewe. Na wino si wa kuwekwa usiishe. Wino ni wa kuandikia, lazima uishe. Bibi yako alijua hilo, ndiyo maana alisaga upya kila mara, hata siku alizochoka. Ukitaka kitu chake kisiishe, shika mchi. Njia ya mkato hapo hakuna. Mimi mwenyewe nimejua leo, na uzee wote huu."

Vyeti viliandikwa kwa wakati. Chupa ya Bibi iliwapa kazi kuiosha, ikasuguliwa kwa mchanga na maji ya moto mpaka harufu ikatoka, ikajazwa wino mpya.

Siku hizi kibatari huwashwa kila wanapokaribia kuishiwa. Mama huloweka gundi, Babu huandika, na Masizi husaga. Mafuta ya kibatari anatia yeye, kabla hayajaisha.