Winifrida na Betri za Hatungimana

—Afande, wewe ndiye unayezima moto. Tuambie ukweli bila kupindisha. Bajaji ya betri na ya petroli, ipi ikiwaka ni hatari zaidi?

Aliyeuliza ni Sylvesta, mwenyekiti wa madereva bajaji wa Kasulu. Shingo za ukumbi mzima zikageuka kumtazama Winifrida, askari wa zimamoto aliyekaa mstari wa mbele na sare yake.

Mbele ya ukumbi Hatungimana alikuwa anatabasamu. Fundi umeme huyo alikuwa ametoka Kibondo alfajiri kuja kuwaonyesha bajaji aliyoing'oa injini mwenyewe, akaifungia mota na betri za lithiamu. Na aliyeulizwa alikuwa mchumba wake. Nani angemtetea kama si yeye?

Winifrida akasimama.

—Mwaka huu nimeitwa kwenye moto wa pikipiki na bajaji mara saba. Zote zilikuwa za petroli. Petroli inashika upesi, hata muda wa kuvua helmeti hupati.

Hatungimana akatikisa kichwa kukubali.

—Lakini betri ya lithiamu ikishaharibika ndani, moto wake ni mkaidi. Unauzima, ukigeuka unawaka tena. Moshi wake ni sumu, na maji unayataka mengi. Mtu asithubutu kuichaji ndani ya nyumba anayolala.

—Basi yaishe! mtu akapaza sauti kutoka nyuma. —Tubaki na petroli yetu!

Ukumbi ukaangua kicheko, watu wakaanza kutoka. Madereva kumi na wawili walikuwa wamejiandikisha kufungiwa mota. Hakubaki hata mmoja.

Nje, Hatungimana alimsubiri kando ya Fuso lililobeba bajaji yake.

—Umenimaliza, Wini.

—Nimesema ukweli, Hatu. Nilianza na petroli, hukusikia?

—Wao wamesikia betri tu! Si ungeniambia mimi, tukiwa wawili?

—Nimekuambia mara ngapi? Tangu Pasaka nakwambia usichaji betri koridoni kwa mama. Unaniitikia "sawa mpenzi", unaziacha palepale.

—Kwa hiyo ukaona unianike mbele za watu.

—Hatu, mimi ndiye ninayewabeba watu wakishaungua. Sitaki siku moja nikubebe wewe.

—Wewe unaogopa kila kitu! Mwoga kama wewe atakaaje na fundi?

Neno likawa limeshatoka. Winifrida alimtazama, akageuka, akaenda zake. Hakulia mpaka alipofunga mlango wa chumba chake.

Kesho yake akamwandikia: "Umefika salama?"

Siku iliyofuata: "Samahani kwa kukuaibisha. Kwa maneno yenyewe siombi samahani."

Siku ya tatu: "Mama anaendeleaje na homa?"

Tiki mbili za bluu kila mara. Jibu hakuna.

Ijumaa saa nane mchana, Winifrida akiwa anakunja mipira ya maji kituoni, simu ikaita. Alipoona jina aliipokea kabla ya mlio wa pili.

—Wini! Moshi! Unatoka mlangoni, mweupe, mzito!

—Mama yuko wapi?

—Chumbani, malaria imemlaza. Betri ziko koridoni, napita nikamchukue—

—Usipite! Huo moshi usiuvute. Dirisha la chumba chake liko wapi?

—Nyuma. Lakini lina nondo!

—Mtaimbo unao? Zunguka nyuma, vunja. Simu iweke spika, itie mfukoni, usikate.

Akamnyang'anya mwenzake simu, akawapigia zimamoto wa Kibondo. Sikio jingine lilikuwa linasikia chuma kikigonga tofali, pumzi za Hatungimana, na sauti yake akimwita mama yake kwa Kirundi, lugha aliyolelewa nayo: "Mawe! Mawe!" yaani mama, mama. Chuma kikagonga tena. Kitu kikaanguka. Kisha kikohozi.

—Nimemtoa, Wini! Anakohoa, ila nimemtoa!

—Mpeleke mbali, upande upepo unakotoka. Halafu hospitali, hata akikataa.

—Majirani wako naye. Wini, betri nne bado hazijashika. Nikijifunika kitambaa nikaingia haraka, naziokoa.

—Usiingie.

—Ni kazi yangu ya miaka mitatu!

—Hatungimana.

Hakuwa amewahi kumwita jina zima.

—Nisikilize. Betri nyingine zitapatikana. Wewe nitakupata wapi?

Mara Winifrida akasikia milio, pa, pa, pa, mfululizo, na watu wakipiga mayowe.

—Hatu! Hatu, niitikie!

—Nipo, akajibu. —Zimelipuka zote. Pale pale ambapo ningekuwa nimeinama.

Akaanza kulia kama mtoto. Winifrida naye akaegemea tairi la gari la zimamoto, akalia pamoja naye.

Aliomba ruhusa, akapanda gari la kwanza alilolipata. Alifika Kibondo jua likiwa bado juu ya migomba. Nusu ya nyumba ilikuwa nyeusi. Zimamoto walikuwa wameutuliza moto, wakazitoa betri hadi katikati ya uwanja, na askari mmoja alibaki akizimwagia maji.

Majirani walikuwa wamejaa. Esteri, mama wa nyumba ya pili, alikuwa anafoka.

—Vitu hivi vipigwe marufuku! Hatungimana ahame navyo, asituulie watoto!

Kabla hajamaliza, betri moja ikafanya ssss, ikatema moto upya. Watu wakatawanyika huku na huku. Askari akaielekezea mpira mpaka ikatulia.

—Si mmeona? Esteri akahema. —Afande Winifrida, tumesikia uliyoyasema Kasulu. Waambie sasa kwamba hili ni balaa tupu!

Hatungimana alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, mkono umefungwa bandeji, macho chini. Neno moja tu la Winifrida na mtaa ungemfukuza.

—Balaa sikusema, Winifrida akajibu taratibu. —Nilisema ikiwaka ni ngumu kuzima, na mmeona wenyewe. Lakini betri nzima, iliyofungwa vizuri, haiwaki ovyo. Yenye hitilafu, kuichaji mlangoni pa mgonjwa, hapo ndipo kosa. Na nikiuliza nani kati yenu ameweka petroli kwenye chupa chini ya kitanda, mtanyoosha mikono?

Esteri, ambaye biashara yake ilikuwa hiyohiyo petroli ya chupa, akajifanya anafunga kanga upya.

Hatungimana akainuka.

—Kosa ni langu, akasema mbele ya wote. —Betri moja ilianguka wiki iliyopita, nikaiona imevimba ubavuni, nikajiambia itafaa. Huyu alinionya tangu Pasaka. Nikamwita mwoga. Leo mama yangu anapumua kwa sababu yake.

Akamgeukia.

—Wini, nisamehe.

—Nilikusamehe ulipopiga simu, mpumbavu wewe.

Akamkumbatia palepale, masizi ya Hatungimana yakamchafua shati zima. Majirani wakacheka, hata Esteri.

Hospitali walimkuta mama ameketi kitandani, akinywa uji.

—Mukazana wanje, akasema, akimshika Winifrida mkono. Mkwe wangu. —Mwanangu ni fundi kweli, ila masikio yamemziba. Utamchukua hivyohivyo?

—Nitamchukua, mama. Ila betri zitakuwa na banda lake, mbali na chumba chako.

—Banda naanza Jumatatu, Hatungimana akasema haraka.

—Jumamosi, Winifrida akamrekebisha.

—Jumamosi, bosi wangu.

Banda likajengwa kwa matofali ya kuchoma, bati juu, hewa inapita pande mbili. Winifrida alilikagua kila kona, akamfanya abomoe ukuta mmoja na kuujenga upya. Mwezi uliofuata Sylvesta akaja Kibondo kuliona, akarudi Kasulu na majina ya madereva watano.

Ndoa ilifungwa Kibondo, mwezi Agosti. Wazazi wa Winifrida walitoka Titye na ndizi na ngoma. Misa ilipokwisha, bajaji mpya ya Hatungimana ilikuwa mlangoni imepambwa maua, na shangazi yake Winifrida alikuwa amekodi gari la petroli, nalo limepambwa. Maharusi wakatazamana, hawajui waingie wapi.

Mama Hatungimana akawatenganisha watu kwa fimbo yake, akamshika Winifrida mkono.

—Hakuna kupanda chochote. Tunakwenda kwa miguu, polepole. Nataka mtaa mzima umwone vizuri.