Boliti ya Tisa

Boliti ya tisa ilikuwa na joto.

Fundi alipoigusa mara ya kwanza alidhani ni vidole vyake mwenyewe vilivyochemka kwa kusugua. Akagusa ya nane. Baridi, kama chuma chochote kilichokaa kivulini. Akagusa ya kumi. Baridi. Akarudi kwenye ya tisa na kuondoa mkono upesi, kwa kuwa lile halikuwa joto la moto wala la jua. Lilikuwa joto la kitu ambacho mtu ametoka kukishika sasa hivi.

"Bibie!" aliita kutoka chini ya gari. "Umechomelea kitu huku?"

"Nichomelee kwa nini, kwa pumzi? Umeme umekatika tangu asubuhi."

Mkewe alikuwa mlangoni mwa gereji, akikoroga rangi nyeusi. Mtaani fundi aliitwa Kobe, maana ukimtafuta unaonyeshwa miguu miwili tu inayochungulia chini ya gari. Kazi ya kunyoosha na kusugua ilikuwa yake, na kazi ya rangi ilikuwa ya mkewe, kwa sababu Kobe akishika brashi hupaka mpaka paka.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, lenye mashavu ya mviringo. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, alilileta kwa kuvutwa na kutoa sharti moja. Chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari, isuguliwe kutu yote na kupakwa rangi. Lakini bodi isiondolewe juu yake, wala boliti hata moja kati ya kumi zinazoishikilia isifunguliwe.

"Mwalimu," Kobe alikuwa amemwambia, "hiyo ni sawa na kumsugua mtu mgongo bila kumvua koti."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine wamekataa."

Kwa hiyo siku ya nne hii Kobe alikuwa amelala chali juu ya ubao wenye magurudumu, gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi nne, akiingiza brashi ya waya kwenye nafasi nyembamba kati ya bodi na chesisi. Pale mkono usipofika alifika kwa kioo kidogo na mswaki. Kazi ilikuwa imemwendea vizuri hadi alipofika kwenye boliti hiyo.

Kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu kikabaki kama karanga iliyotafunwa. Kobe alikuwa fundi aonaye aibu kuacha kazi mbovu. Kupaka rangi juu ya boliti iliyooza kulimshinda. Akasema moyoni kwamba ataitoa hiyo moja tu, aweke nyingine, na mwalimu mwenyewe atamshukuru.

Hakuhitaji hata spana. Ilizunguka kwa vidole, taratibu, kama kifuniko cha chupa, na ilipotoka, tundu lilimpumulia usoni harufu ya chumba kilichofungwa ambamo mtu amelala kwa muda mrefu mno: nywele, jasho, shuka zisizofuliwa.

Kobe akaamua kutoka nje apate hewa. Aliona ndala za bluu za mkewe pale mlangoni, hatua nne tu kutoka alipo. Akasukuma sakafu kwa visigino, magurudumu yakazunguka, akasukuma tena, magurudumu yakazunguka tena, na zile ndala zikabaki ziko palepale, wala hazikukaribia wala hazikwenda mbali, akasukuma mpaka mapaja yakamwaka moto na chuma juu yake kikawa kinapita, kinapita, kinapita kama dari la shimo lisilo na mwisho, akaita kwa nguvu zake zote, na akaona ndala moja ikiinuka kumkwaruza mkewe mguu wa pili, kwa utulivu wa mtu ambaye hajasikia kitu.

*

Alichosikia mkewe ni sauti ya mumewe, mbele ya gari.

"Nimemaliza huku, mke wangu."

Aligeuka. Mumewe alikuwa amesimama kando ya taa za mbele, mikono ikiwa imening'inia. Jambo la kwanza lililomshtua lilikuwa dogo. Ovaroli yake ilikuwa safi. Kucha zilikuwa safi. Katika miaka kumi na sita ya ndoa hakuwahi kumwona akitoka chini ya gari bila kufanana na gunia la mkaa.

"Mbona umetakata hivyo?"

"Tunaondoa bodi," alisema. "Chukua spana, ufungue boliti zilizobaki."

"Lakini mwalimu alikataza. Na kwa nini nifungue mimi?"

"Chukua spana," alirudia, akitabasamu. Alikuwa amesimama mbali kidogo na sanduku la vifaa, kama mtu anavyokaa mbali na mbwa asiyemjua. Na hakuwa akipepesa macho.

Hapo ndipo aliposikia. Chini ya gari, taratibu, brashi ya waya ilikuwa inasugua chuma. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Mkono ule aliujua. Mumewe alisugua mara tatu, akapumzika, mara tatu, akapumzika, tangu siku alipoolewa naye. Mumewe alikuwa chini ya gari, na mumewe alikuwa amesimama mbele yake.

Mlango wa gereji nyuma yake ukajifunga.

Mwanamke yule hakupiga kelele. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba akionyesha kuwa ameelewa, kitu kile hakitakuwa na sababu tena ya kuvaa uso wa mumewe, na hakutaka kuona kilichokuwa chini yake.

"Bodi hii sisi wawili hatuiwezi," alisema. "Ngoja nimpigie mwenyewe atuletee watu wa kuinua."

Kile kitu kikafikiri. "Piga. Ongea hapahapa, nisikie."

Akapiga. "Shikamoo, mwalimu. Mume wangu anasema bodi itoke leo. Tunaomba watu wa kuinua."

Kisha mwalimu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Mumeo umesimama naye hapo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na chini ya gari kuna mtu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Usishike spana kabisa. Nakuja na dada yangu."

Wakasubiri. Kitu kile kiliketi kwenye kigoda cha mumewe na kumtazama, na ile harufu ya shuka na jasho ikajaa gereji mpaka akaihisi ulimini. Chini ya gari brashi ilianza kuchelewa. Iliposugua mara mbili tu na kunyamaza, mkewe aligonga sakafu kwa kisigino: ko, ko, ko. Kimya. Kisha, kwa udhaifu, kwaru, kwaru, kwaru.

"Unafanya nini?" kiliuliza.

"Mguu umekufa ganzi."

"Unanipenda, mke wangu?"

"Sana," alisema, machozi yakimtiririka kwenye giza ambamo aliomba yasionekane, na akaendelea kugonga, ko ko ko, na kujibiwa, ko ko ko, na kujibiwa, huku akihesabu stendi, makopo, misumari ukutani, chochote ili macho yake yasikutane na yale yasiyopepesa, mpaka alipokuwa hajui tena kama amekaa pale dakika kumi au maisha yake yote.

Mlango ulifunguliwa kwa kusukumwa na tumbo. Dada yake mwalimu alikuwa mganga, mwanamke mnene mwenye sweta ya kijani na pumu, akihema kama aliyepanda ngazi mia. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye chumvi ya mawe. Nyuma yake alisimama mwalimu, uso umempauka.

"Ni huyu," mganga alisema, akikitazama kitu kile kama mtu anavyomtazama mdaiwa sugu. "Hata kigoda hujabadilisha namna ya kukalia."

Akatupa chumvi na kuanza kusoma, kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Uso wa Kobe ukaanza kulegea kwenye kile kitu, kama nguo iliyomzidi mvaaji. Kikalia kwa sauti ya Kobe, kikalia kwa sauti ya mtoto, kikacheka kwa sauti ya mkewe mwenyewe, na kisha hakikuwa kwenye kigoda tena, na chuma chote cha gari kililia kwa mkupuo mmoja kama sinia lililoanguka.

"Kimerudi! Sasa shika spana, uingie ukairudishe boliti," mganga alimwambia mke wa Kobe. "Mvute mumeo kwanza, ndipo ukaze. Kwanza mvute. Usije ukaogopa ukakaza kabla."

Mwalimu aligeuza uso akatazama ukuta.

Mwanamke alijitupa chini. Aliona sakafuni boliti mpya ambayo Kobe alikuwa ameiandaa, akaiokota. Mbele kulikuwa na giza refu kuliko gari lenyewe. Akapeleka mkono, akapapasa, akashika kifundo cha mguu kilichokuwa baridi, akavuta, na mguu ukagoma, kwa sababu kulikuwa na mtu au kitu kilichokuwa kinavuta upande wa pili, akajikita kwa magoti, akavuta huku akitukana matusi aliyodhani hayajui, mpaka Kobe akatoka mzimamzima kama jino, ndipo akaitia boliti tunduni, akaikaza kwa spana mpaka mkono ukakataa.

*

Walipomsogeza mlangoni penye mwanga hawakumtambua mara moja. Ndevu zilikuwa zimemfika kifuani. Brashi ya waya, mpya asubuhi ile, ilikuwa imekwisha ikabaki ubao mtupu. Alikunywa maji vikombe saba.

"Nimekaa siku ngapi?"

"Tangu saa nne," mkewe alisema, akimshika uso. "Sasa hivi ni saa saba, mume wangu."

Kobe akatikisa kichwa. "Nililala mara themanini. Baada ya hapo nikaacha kuhesabu." Akamtazama mwalimu. "Sikuwa peke yangu mle. Kulikuwa na mtu upande wa pili wa chuma. Ndiye aliyeniambia nisugue, nisiache kusugua, walio nje husikia. Nilipovutwa alinishika. Nadhani hakutaka kunizuia. Alitaka kuja nami."

"Alisema ni nani?" mwalimu aliuliza.

"Mdogo wako. Ameuliza kama mama bado yu hai."

Mwalimu akaketi sakafuni, kwenye vumbi la kutu, na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Ulimwona?" mganga aliuliza.

"Hapana. Nilisikia sauti tu."

"Sauti," mganga alisema kwa uchungu. "Mkeo naye leo amezungumza na sauti yako."

Kisha mwalimu akaanza kusema, akiwa hamtazami mtu. "Mwaka ule mdogo wangu alipoingia chini ya gari hili, kilitoka kikiwa na uso wake. Dada alisoma, kikarudi. Spana nilikuwa nayo mimi. Niliona mkono unatoka, vidole vinne. Sikujua ni wa nani. Nikaogopa, nikakaza." Akafuta midomo. "Kutu ikila chesisi, boliti zitadondoka na kitatoka. Nikiondoa bodi, kitatoka. Nimeitunza hivyo miaka thelathini na moja."

Mke wa Kobe alikuwa bado ameshika spana. "Mwalimu," alisema, "nifungue?"

Chini ya gari, mahali fulani kati ya bodi na chesisi, ukucha ulianza kukwaruza chuma. Polepole, kwa subira. Wote wanne waliusikia. Mganga alimtazama kaka yake, kwa sababu hilo halikuwa lake kuliamua.

Mwalimu alisikiliza kwa muda mrefu.

"Kaza robo nyingine," alisema hatimaye. "Halafu upake rangi."

Umeme ulikuwa haujarudi, kwa hiyo mtu alitakiwa kushika taa. Kobe alijaribu kuinuka lakini mwalimu akamtangulia. Alilala chali kando ya mke wa fundi, akamwangazia, na kwa saa nzima brashi ilipokuwa inapita juu ya chuma, hakuishusha ile taa hata mara moja. Alikuwa akikiambia chuma, kwa sauti ya kawaida ya ndugu na ndugu, kwamba mama alifariki usingizini, kwamba hakuumwa sana, kwamba alizikwa vizuri na watu walijaa mpaka barabarani.